Tegu wa vyura hawaletwi na mvua

Masika yakikolea Nairobi, mwezi wa Aprili, vyura huimba usiku kucha kandokando ya mabwawa, na wazazi nao huanza kukanya: "Usimshike chura, atakutia tegu!" Onyo lina nia njema, ila limebeba makosa kadhaa.

Dhana: Mvua ndiyo humwaga tegu bwawani.

Ukweli: Tegu huingia kwa chura kupitia mdomo. Mtazame chura mwenye kucha wa mabwawa ya nyanda za juu za Kenya, asiye na ulimi na anayeishi majini karibu maisha yake yote. Jamaa zake wengi Afrika wana tegu aitwaye Cephalochlamys namaquensis. Mayai hutoka na kinyesi cha chura. Lava, yaani tegu mchanga atokaye kwenye yai, akimezwa na kopepodi, mdudu wa majini mdogo mno, hukua ndani yake, kisha chura humla kopepodi huyo. Basi msimu wa tegu huandama wingi wa kopepodi, mlo wa chura na joto la maji. Mvua huyagusa yote hayo, lakini kwa kuzunguka. Hata huweza kuwatawanya kopepodi katika maji mengi, ilhali kiangazi kikilipunguza bwawa, mlaji na mliwa hubanana katika dimbwi moja. Kwangu hili ndilo la kuangaliwa kwanza, kabla hatujailaumu mvua.

Dhana: Kumshika chura huambukiza tegu.

Ukweli: Hapana. Tegu wanaotusumbua sana hutoka kwenye nyama ya ng'ombe au ya nguruwe isiyoiva. Kwa upande wa vyura, tegu wa kuogopwa ni Spirometra: lava wake hukaa katika nyama ya chura, na mtu humpata kwa kula nyama hiyo mbichi au kunywa maji ya bwawa yasiyochemshwa.

Dhana: Vyura wenye tegu wakiwa idadi ile ile mwaka mzima, msimu hauna kazi.

Ukweli: Idadi huficha umri. Mwezi mmoja matumbo huwa na tegu wachanga, mwezi mwingine wamekomaa na kujaa mayai, na hesabu ya vyura isibadilike. Tena tegu hawagawanyiki sawa: chura mmoja hubeba wengi, wenzake tisa hawana hata mmoja. Vyura watano waliokamatwa jioni moja hawatoshi. Anayetaka kuujua msimu hurudi bwawa lile lile kila mwezi, masika, kiangazi na vuli.