Kitalu cha shule kinavyokufa mwezi wa Juni

Vitalu vingi vya miche ya miti katika shule za msingi huuawa na kalenda kabla ya ukame. Mbegu zinasiwa Aprili kwa sababu maji bado ni rahisi, Juni shule inafungwa, na Julai wanafunzi wanakuta viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vikavu kama matofali. Kwa mikoa kama Dodoma na Singida, ambako mvua ni msimu mmoja unaoanza kwenye Desemba, nashauri kusia mbegu Julai, mara shule inapofunguliwa. Januari miche itakuwa na zaidi ya miezi mitano na ardhi imeshalowa. Likizo ya Desemba ipo, lakini hapo mvua inasaidia, na watoto wanaoishi jirani na shule wanapangiana zamu.

Uamuzi huo wa tarehe wafanye wanafunzi wenyewe, kalenda ikiwa mezani. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka wanafunzi washiriki pia katika kupanga na kuamua, ila mahali pengi kilichobaki mikononi mwao ni jembe na ndoo. Mtoto aliyeambiwa tu "mwagilia" atamwagilia hata udongo uliolowa. Aliyekabidhiwa daftari la kitalu anaugusa kwanza.

Wanafunzi 12 wanatosha kuongoza. Wachaguliwe darasa la tano na la sita, kwa sababu la saba wanamaliza mtihani Septemba na kuondoka, miche ikiwa katikati ya safari. Wagawane makundi manne ya watatu watatu. Daftari liwe na tarehe, viriba vilivyosiwa, vilivyoota, vilivyokufa na sababu, ndoo za maji, na jina la aliyekuwa zamu. Mwalimu mlezi alisome kila Ijumaa, aulize maswali, lakini asiandike humo hata neno moja.

Sasa vipimo. Debe tatu za udongo wa juu, debe mbili za samadi iliyooza na debe moja ya mchanga zinajaza takriban viriba 240 vya upana wa sentimita 10 vikilazwa bapa na urefu wa 15. Samadi mbichi inaunguza mizizi; ikiwa bado inanuka na ina joto ukiingiza mkono, iache. Viriba 240 vinahitaji kama ndoo moja ya lita 20 kwa siku, nusu asubuhi na nusu kabla ya kwenda nyumbani. Shule inayotaka kuanza na miche 2,000 ijiulize ndoo nane za kila siku zitatoka wapi.

Mbegu za lusina na mjohoro zina ganda gumu. Maji yachemshwe na kuepuliwa, mbegu zitiwe humo ziachwe mpaka kesho yake. Maji ya moto ni kazi ya mtu mzima. Kuchambua ni kazi ya watoto. Iliyovimba na kulainika inasiwa, iliyobaki ngumu kama kokoto inarudiwa. Sieni mbili kila kiriba, kina cha sentimita moja, kisha mche dhaifu ung'olewe. Mwarobaini ni kinyume kabisa: mbegu yake hupoteza uhai upesi, kwa hiyo ya mwaka jana haioti hata ukiibembeleza.

Adui wa mwanzo ni ugonjwa wa kinyausi. Shingo ya mche inanywea usawa wa udongo, mche unalala, na kesho yake jirani zake wanafuata. Watoto huona umelegea wakadhani una kiu, wakaongeza maji, na hayo ndiyo yanayoueneza. Ng'oeni miche iliyoanguka, punguzeni kivuli, mwagilieni asubuhi tu mpaka utulie.

Baada ya miezi miwili nyanyueni kila kiriba, mrudie kila wiki mbili. Ukisikia kitu kinakatika chini kama uzi, mzizi ulikuwa umeshaingia ardhini; ukatwe kwa mkasi jioni, kisha mche unyweshwe. Usipofanya hivyo, siku ya kupanda unaacha nusu ya mizizi kitaluni na mche unanyauka wiki hiyohiyo. Mwezi wa mwisho punguzeni maji taratibu na ondoeni kivuli, miche izoee jua.

Mashimo ni sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukiwekwa kando ili urudi kwenye mizizi. Idadi iamuliwe na maji ya kiangazi: miti 40 kwa lita tano kwa wiki ni ndoo kumi. Miche mingine ipelekwe nyumbani kwa wanafunzi. Kila mti uzungushiwe miiba siku ileile, maana mbuzi hawasubiri kesho.

Kiriba kichanwe na kuondolewa kabla mche haujaingia shimoni. Mtoto mmoja asimame na mfuko akivihesabu, na hesabu ilingane na ya miche iliyopandwa. Kikikosekana kimoja, kuna mche uliozikwa na plastiki yake, utafutwe. Daftari lisifungwe siku hiyo. Julai inayofuata, kabla ya kusia mbegu mpya, kila mti ukaguliwe na iliyokufa iandikwe pamoja na sababu, kwa mkono wa mtoto anayepokea uongozi.