Bamba la kinga na moto wa fundi

Juzi hapa Tanga nililetewa gari la kubebea fedha, mlango umeshuka. Fundi aliyetangulia alikuwa amekata kwa gesi bamba la kinga, lile la kuzuia risasi, akabadilisha bawaba na kuchomelea. Kwa macho, kazi safi. Nikachukua tupa. Katikati ya mlango iliteleza kama juu ya kioo. Upana wa kidole kutoka kwenye mshono, ikauma, unga wa chuma ukadondoka. Pale chuma kilikuwa kimelainika, kinga imeshaondoka na mwenye gari hana habari.

Wahunzi wetu wanalijua jambo hili: ni matiko, yaani kukaza chuma kwa kukipasha na kukipoza ghafla. Panga lililofuliwa kwa springi ya lori hupashwa hadi liwe jekundu, huzamishwa, kisha hurudishwa kwenye moto mdogo. Bamba la kinga hupita njia hiyohiyo kiwandani, kwa vipimo. Chuma chenye kaboni kama asilimia 0.3 hupashwa hadi karibu nyuzi 900 za Selsiasi, kaboni ikasambaa ndani yake. Kikipozwa ghafla kwa maji, kaboni haipati muda wa kutoka. Hunaswa humohumo na chuma chote hukaza. Hiyo ndiyo martensaiti: ngumu mno, ila hupasuka kama kigae. Kwa hiyo hurudishwa kwenye joto dogo, mara nyingi karibu nyuzi 200, ili ivumilie pigo. Mabamba mengi ya aina hii hufikia ugumu wa takriban 500 kwa kipimo cha Brinell. Chuma cha grili za madirisha ni kama 120 hadi 150.

Zile nyuzi 200 ndizo ninazowasisitizia vijana wangu. Joto likizidi hapo, matiko yanaanza kulegea, na mwali wa gesi unapita nyuzi 3,000. Ukiona bluu kando ya mshono, joto lilifika kama 300.

Halafu kuna unyevu wetu wa bahari. Vijiti vya kuchomelea vikiachwa wazi huunyonya, haidrojeni ikaingia kwenye mshono, na ufa unaweza kutokea siku mbili baada ya gari kuondoka. Vyangu vinakaa kwenye oveni.

Ule mlango sikujaribu kuutia matiko upya, ungepinda wote. Tuliagiza bamba jipya, na nyuma ya kila mshono nikafunga kwa bolti ukanda wa bamba lilelile, usioguswa na moto. Kisha nikampa mwenye gari tupa, apitishe mwenyewe.