Kamera Ndogo na Lenzi ya Mkono Harusini: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mpiga picha anayefika harusini na kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani, tena yenye lenzi ambayo fokasi yake huwekwa kwa kuzungusha pete kwa vidole, hukutana na maoni ya aina mbili. Wapo wanaoamini kwamba anaichezea siku ambayo haitarudiwa, na wapo wanaomsifu kana kwamba kifaa hicho peke yake ndicho kitakachozipa picha zake uhai. Wote wanakihukumu chombo na kuusahau wakati. Lenzi ya otomatiki hukuruhusu kuamua umbali tukio likiwa tayari mbele yako, ilhali lenzi ya mkono hukudai uamue kabla tukio halijafika, na karibu dhana zote potofu zinazosemwa kuhusu lenzi hizi hutokana na kutoizingatia tofauti hiyo.

Dhana: Harusi haiwezi kupigwa bila fokasi ya otomatiki

Kamera ya SLR (yenye kioo cha ndani kinachopeleka picha kwenye kitazamio, yaani kidirisha cha jicho) iliyofaulu sokoni kwa mara ya kwanza ikiwa na fokasi ya otomatiki ndani ya mwili wake ni Minolta 7000, iliyotoka mwaka 1985. Karibu harusi zote zilizopigwa picha kabla ya hapo zilipigwa kwa fokasi ya mkono, na baadhi ya wapiga picha walitumia kamera kama Hasselblad, ambayo kwa filamu ya aina ya 120 ilitoa picha 12 za mraba tu kabla ya kuhitaji filamu nyingine. Watu wale hawakuwa na macho makali kuliko yetu. Walikuwa na utaratibu: walijua maharusi watapita wapi, walikadiria umbali, waliiweka lenzi kwenye umbali huo, kisha walisubiri.

Utaratibu huo una hesabu yake, na inafaa kuielewa kabla ya kukubali kazi. Chukua lenzi ya milimita 35 kwenye kamera yenye kihisi (bamba linalonasa picha) cha fremu kamili, weka tundu linalopitisha mwanga kwenye f/8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), na elekeza fokasi kwenye umbali wa mita 3. Kila kilicho kati ya karibu mita 1.9 na zaidi kidogo ya mita 7 kitaonekana kikali kiasi cha kutosha. Ukifungua tundu hadi f/5.6, eneo hilo hupungua na kuwa kati ya mita 2.1 na mita 5 hivi. Lenzi nyingi za mkono zina mistari pembeni mwa namba za umbali inayoonyesha mipaka hiyo kwa kila tundu, na anayejua kuisoma anaweza kupiga picha bila kuigusa pete ya fokasi hata mara moja. Tahadhari yangu ni kwamba vipimo hivyo vilikadiriwa kwa picha zilizochapishwa kwa ukubwa wa kawaida. Kwa kuwa leo picha hukuzwa kwenye skrini kubwa, ni busara kusoma mipaka ya tundu lililo wazi zaidi kwa hatua moja (yaani linalopitisha mwanga maradufu) kuliko ulilolitumia: ukipiga kwa f/8, amini mistari ya f/5.6.

Msafara wa maharusi ndio unaowashinda wengi. Mtu anayetembea polepole huenda kama mita moja kwa sekunde. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.4, kwa umbali wa mita 3, ina kina cha fokasi, yaani eneo linaloonekana kikali, cha takribani sentimita 30, hivyo bibi harusi hulivuka eneo hilo lote chini ya theluthi moja ya sekunde. Kwa f/4 kina hicho hufika karibu sentimita 86, na sasa mpiga picha ana muda unaokaribia sekunde nzima. Kinachotakiwa ni kuchagua alama sakafuni, kama mguu wa kiti au ukingo wa zulia, kuweka fokasi pale pale, kuondoa vidole kwenye pete, na kubonyeza mara tu mguu wa bibi harusi unapoikaribia alama. Anayemfuata huku akiizungusha pete huwa nyuma yake kila wakati, kwa sababu jicho lazima lione ukungu kwanza ndipo mkono uanze kuurekebisha.

Dhana: Lenzi yenye tundu kubwa inunuliwe ili ifunguliwe yote

Kwa umbali wa mita 2, lenzi hiyo hiyo ya milimita 50 kwa f/1.4 ina kina cha sentimita 13 hivi. Hicho ni kina cha uso mmoja, na watu wawili wanaovishana pete ni nadra kusimama katika mstari mmoja kwa kipimo hicho. Kwa f/2.8 kina huongezeka maradufu, na mikono yao inaweza kuonekana vizuri pamoja na uso wa mmoja wao. Picha ya familia iliyopangwa safu mbili au tatu huhitaji f/5.6 au f/8, na hapo hakuna mjadala.

Lenzi nyingi za zamani, zikifunguliwa zote, hupoteza utofautishaji wa mwanga na giza, na taa ikizielekea hutoa ukungu mweupe juu ya picha nzima, lakini hubadilika kabisa zikifungwa hatua mbili. Baadhi hata huhamisha kidogo mahali pa fokasi tundu linapofungwa. Kwa hiyo fokasi iwekwe tundu likiwa kwenye namba ile ile itakayotumika kupiga. Kwenye kamera zenye kioo jambo hili lilikuwa la taabu kwa sababu kitazamio kiliingia giza kila tundu lilipofungwa. Kitazamio cha kielektroniki huiongezea picha mwangaza, na mpiga picha huendelea kuona.

Dhana: Jicho huona fokasi vizuri zaidi kupitia kitazamio cha kioo

Naielewa imani hii, kwa sababu kuona kwa macho bila kupitia skrini yoyote kunaonekana kuwa kwa kweli zaidi. Hata hivyo, bamba la kitazamio katika kamera nyingi za DSLR (SLR za kidijitali) liliundwa kwa ajili ya kung'aa, na juu yake hauwezi kuonekana ufinyu wa fokasi unaozidi ule wa tundu la kiasi cha f/2.8. Unaweza kuwa umefungua f/1.4 huku jicho likikuonyesha kina cha f/2.8, ukadhani jicho la bibi harusi ni kali kumbe lililo kali ni sikio. Kamera isiyo na kioo huonyesha picha inayotoka kwenye kihisi chenyewe, na inaweza kuikuza mara kadhaa hadi kope zikaonekana moja moja.

Kuna msaada mwingine ambao huaminiwa kupita kiasi, nao ni ile rangi inayomeremeta kwenye kingo za vitu vilivyo ndani ya fokasi. Kamera haipimi umbali inapopaka rangi hiyo. Inatafuta kingo zenye utofautishaji mkubwa tu. Gauni lenye darizi nyingi linaweza kujaa rangi kutoka begani hadi pindoni huku macho yakiwa nje ya fokasi, na katika ukumbi wenye mwanga hafifu rangi inaweza isionekane kabisa. Mimi huona inafaa kwa kukaribia tu. Uthibitisho utoke kwenye ukuzaji, na kitufe cha ukuzaji kiwekwe mahali ambapo kidole gumba hukifikia bila kutafuta.

Dhana: Adapta hupunguza mwanga na ubora

Kamera zenye kioo zilihitaji nafasi kati ya lenzi na kihisi ili kioo kipate kuinuka: milimita 44 kwa lenzi za Canon EF na milimita 46.5 kwa Nikon F. Kioo kilipoondolewa, nafasi hiyo ilipungua hadi milimita 18 kwa Sony E na milimita 17.7 kwa Fujifilm X. Adapta ya kawaida, inayounganisha lenzi ya zamani na kamera isiyo na kioo, ni bomba tupu linalorudisha nafasi iliyopungua, halina kipande chochote cha lenzi ndani, hivyo halina cha kuuzuia mwanga. Kasoro hutokea bomba linapochongwa vibaya. Likilegea, lenzi hucheza. Likiwa fupi au refu kuliko inavyopaswa, namba za umbali zilizoandikwa kwenye lenzi hazisemi kweli tena, na utaratibu wote wa kukadiria umbali niliouelezea juu huporomoka. Kabla ya harusi, tandaza futi ya kupimia sakafuni, piga kitu kilicho mita 2 na kingine mita 3, kisha linganisha na kile lenzi inachosema. Jaribio hilo huchukua dakika 10, na sijui sababu yoyote nzuri ya kuliruka.

Dhana: Kihisi kidogo hakiwezi kazi ya ukumbini

Kihisi cha APS-C, ukubwa unaotumika katika kamera ndogo nyingi, kina eneo lisilofika nusu ya fremu kamili ya milimita 36 kwa 24, na tofauti hiyo ni kubwa kidogo kuliko hatua moja ya mwanga. Ni tofauti ya kweli. Lakini lenzi ya f/1.4 huangaza kihisi mara nne zaidi ya lenzi ya zumu (inayovuta karibu na kusogeza mbali) ya f/2.8, hivyo kamera ndogo yenye lenzi hiyo haiachwi nyuma na kamera kubwa yenye zumu, mradi mpiga picha amekubali ufinyu wa fokasi unaoandamana na tundu hilo. Inafaa pia kurekebisha usemi kwamba lenzi ya milimita 50 "inakuwa" ya 75 kwenye kihisi hicho. Lenzi haibadiliki, kinachopungua ni upana wa eneo linalonaswa, na umbo la uso hutegemea umbali uliosimama.

Wengine hudhani kwamba lenzi ya mkono humlazimu mtu aweke kila kitu kwa mkono. Sivyo. Kamera bado hupima mwanga na kuchagua yenyewe kasi ya shata (muda ambao mwanga huingia) na ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga). Ila ruhusu katika menyu kamera ipige bila kuitambua lenzi, na kama ina kihisi kinachotulizwa dhidi ya mtikisiko, iandikie urefu wa fokasi (namba ya milimita) wa lenzi uliyofunga. Ukibadilisha lenzi bila kubadilisha namba hiyo, utulizaji unaweza kuiharibu picha badala ya kuisaidia.

Dhana: Shata ya kimya ndiyo adabu, hivyo itumike wakati wote

Wakati wa maneno ya ahadi, kimya kina thamani kubwa, na naithamini. Lakini kwenye kamera nyingi shata ya kielektroniki husoma kihisi mstari baada ya mstari, na taa nyingi za umeme hupepesa. Penye umeme wa hezi 50 taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na penye hezi 60 mara 120, na matokeo yake ni michirizi ya giza inayokata nyuso. Piga picha mbili tatu za majaribio kabla ya wageni kuketi. Ukiona michirizi, rudi kwenye shata ya kawaida na kasi ya 1/50 au 1/100, au 1/60 na 1/125 penye hezi 60. Kamera nyingi pia hazikubali flashi iwake pamoja na shata ya kielektroniki.

Dhana: Aliyechagua lenzi ya mkono aitumie siku nzima

Sioni heshima yoyote katika ukaidi huo. Maandalizi ya bibi harusi, hotuba, mikono ya wazee na pete juu ya meza huipa lenzi ya mkono muda wa kutosha, na hapo ninaichagua bila kusita. Watoto wanaokimbia na dansi yenye taa zinazozimika na kuwaka ni mambo ambayo hayana umbali wa kutabiri, na kwa hayo mkoba uwe na lenzi moja ya otomatiki, au mwili wa pili wa kamera uliokwisha kufungwa lenzi hiyo. Mwili huo wa pili una kazi nyingine pia: kamera ndogo nyingi zina nafasi moja tu ya kadi na betri isiyomaliza siku, kwa hiyo matukio makuu yapigwe kwa miili yote miwili, na kadi ya kila hatua ya sherehe itolewe na kuwekwa mfukoni kabla hatua inayofuata haijaanza.