Ngome ya Yesu haikufufuliwa kwa gunia la saruji

Nikiitwa kutazama ukuta wa nyumba ya kale hapa Mombasa, mazungumzo huenda vizuri mpaka nitaje chokaa. Hapo mwenye nyumba hubadilika uso: "Fundi, mbona Fort Jesus imetengenezwa kwa simiti na bado imesimama?" Nimeambiwa hivyo Ndia Kuu, nimeambiwa Kibokoni, na juzi nimeambiwa na kamati ya msikiti, wazee ninaowaheshimu na ambao wanaupenda msikiti wao kwa dhati. Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, na huku tukibishana kuta zinazidi kuliwa. Basi nayaandika mara moja, kila neno ninaloambiwa na jibu langu chini yake, nikianza na hilo hilo la saruji, kwa sababu ndilo linalobomoa nyumba nyingi kuliko mvua.

"Saruji ni imara kuliko chokaa"

Ujenzi wa Ngome ya Yesu, ndiyo hiyo Fort Jesus, ulianza mwaka 1593 na kufikia 1596 ilikuwa inatumika. Saruji tunayoijua leo, ile ya Portland, ilipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1824. Kati ya miaka hiyo miwili ngome ilitwaliwa na Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa, mwaka 1631, ikajengwa upya na kapteni ambaye jina lake bado limeandikwa juu ya lango, Francisco de Seixas de Cabreira, ikazingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, ikarudi mikononi mwa Wareno kwa muda mfupi 1728, kisha ikawa makao ya Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman uliotawala Mombasa. Mizinga yote hiyo ilipigwa kwenye mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa. Hakuna aliyekuwa na gunia la saruji.

Tatizo ni kwamba watu hupima uimara kwa ugumu. Wanagonga saruji kwa nyundo, wanasikia inavyolia, wanaridhika. Lakini ukuta wa matumbawe hauhitaji kitu kigumu kuliko wenyewe. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, linanyonya maji kutoka ardhini na kutoka hewani, na hapa kwetu maji hayo yana chumvi. Unyevu ukiingia lazima upate pa kutokea. Ukuta uliojengwa na kupigwa lipu kwa chokaa huutoa unyevu kupitia viungo na kupitia lipu, na chumvi inakauka juu juu, kwenye lipu, mahali ambapo unaweza kukwangua na kupiga tena kwa gharama ndogo. Lipu ya chokaa imewekwa iliwe badala ya jiwe. Hiyo ndiyo kazi yake.

Ukiupiga ukuta ule lipu ya saruji, umemvika mtu anayetoka jasho mfuko wa nailoni. Maji hayatoki. Yanapanda juu zaidi ndani ya ukuta, au yanatokea upande wa ndani, chumbani. Chumvi nayo inaganda nyuma ya saruji, ndani ya jiwe lenyewe, na chembe zake zinapokua zinalipasua jiwe kutoka ndani. Kwa nje unaona ukuta laini, umenyooka, umepakwa rangi ya plastiki, kila mtu anausifu.

Nikifika kwenye nyumba ya namna hiyo, kwanza nagonga kwa kifundo cha kidole, kuanzia usawa wa goti kwenda juu. Mahali fulani sauti hubadilika, inakuwa ya kitu kilicho tupu. Napenyeza ncha ya mwiko kwenye ufa, nainua, na kipande cha saruji kinatoka kizima kama sahani, kigumu, hakina kasoro yoyote. Nyuma yake jiwe limekuwa unga. Unalichota kwa mkono, na ukionja ncha ya kidole ni chumvi tupu. Saruji imebaki imara, ni kweli. Nyumba ndiyo iliyokwisha.

Tena saruji haipindi. Ukuta wa kale una mwendo wake: unapata joto, unapoa, boriti za mikoko zinanyauka na kuvimba, msingi unashuka kidogo baada ya masika. Chokaa hufuata mwendo huo, na nyufa ndogo ndogo hujiziba zenyewe, kwa sababu maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiweka tena ndani ya ufa. Saruji hupasuka, na ufa wake unakuwa mlango wa maji kuingia ndani, mahali ambapo hayawezi kutoka tena.

Anayetaka ushahidi na aingie ngomeni, akatazame michoro ya ukutani katika ukumbi wa makumbusho. Ilichorwa na askari wa Kireno katika karne ya 17 kwa mkaa na ngeu, yaani udongo mwekundu wa kuchorea, juu ya lipu ya chokaa, katika buruji la São Mateus, mojawapo ya pembe za ngome zilizochomoza nje: merikebu, watu, makanisa. Lipu ile imeishika mistari ya mkaa kwa zaidi ya miaka mia tatu, mita chache tu kutoka baharini. Nionyeshe lipu ya saruji ya pwani hii iliyokaa hata miaka arobaini bila kuvimba.

Na wale wanaosema "sawa fundi, basi changanya, tia mkono mmoja tu wa simiti ishike haraka": hapana. Saruji kidogo ndani ya chokaa hukaza mapema na kuiharibia chokaa nafasi yake ya kukomaa, maana chokaa hukomaa polepole kwa kunyonya hewa ya kaboni. Unachopata hakina nguvu ya saruji wala ulaini wa chokaa. Mafundi wanaokubali shauri hilo wanalikubali ili walipwe Ijumaa na waondoke.

Ukweli ni kwamba chokaa ina sharti moja ambalo wengi hawalipendi, nalo ni subira. Zamani ilichomwa wazi, kwa tanuu la magogo yaliyopangwa kwa duara na matumbawe juu yake, kisha ikaachwa muda mrefu kabla ya kuguswa. Leo wengi wetu tunanunua ya mfuko. Haina ubaya, lakini nunua mpya, kwa sababu iliyokaa dukani mfuko ukapenya hewa imeshapoteza nguvu. Itie kwenye pipa, maji yasimame juu yake, iache wiki kadhaa. Mimi sipendi kuigusa kabla ya miezi mitatu. Mchanga uwe umeoshwa, usiwe wa ufukweni. Mchanga wa ufukweni unaleta chumvi ile ile tunayoikimbia. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Lowesha jiwe kwanza, piga matabaka membamba, kandamiza vizuri, kisha funika kwa magunia mabichi na uyanyunyizie maji asubuhi na jioni. Lipu ya chokaa iliyoachwa kwenye jua la kaskazi bila kufunikwa itakuwa vumbi, kisha watu watasema chokaa ni dhaifu. Chokaa haikuwa dhaifu, ilikaushwa kabla haijaiva.

"Zamani walichanganya mayai na asali"

Hili nalo kila mtu amelisikia kwa bibi yake. Vifaa vya kuta zetu vinajulikana: chokaa, mchanga, mara nyingi udongo mwekundu katikati ya ukuta, na vipande vya matumbawe. Hebu fikiria ngome yenye maburuji manne na kuta nene zilizopanda juu ya handaki lililochongwa mwambani, uhesabu mayai. Siri haikuwa kwenye mayai. Ilikuwa kwenye kuichoma chokaa vizuri, kuiacha iive na kuipiga kwa mkono unaojua. Kinachonikera ni kwamba hadithi ya mayai inawapa watu kisingizio: "ujuzi umepotea". Ujuzi haujapotea. Mafundi wapo, Mombasa wapo, Lamu wapo, Kilwa wapo, wanaomba kazi.

"Ngome ni ya Wareno"

Waliiamuru Wareno, aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na mikono iliyoijenga ilikuwa ya mafundi kutoka India na vibarua wa Malindi. Sehemu kubwa ya kuta unazoziona zimeinuliwa na wakaaji wengine waliokuja baadaye, Waomani na Wamazrui, na ile nyumba nzuri yenye dari ya boriti ni ya enzi hizo. Kati ya 1631 na 1875 ngome ilibadilisha mikono mara tisa, na karibu kila aliyeingia aliongeza jiwe lake.

Wanaosema vita vya 1696 vilikuwa vya Waarabu na Wareno, Waswahili wakitazama, wamesoma nusu ya habari. Kulikuwa na Waswahili pande zote mbili. Mwaka 1697, ugonjwa ulipowamaliza Wareno waliokuwa ndani, walioishikilia ngome mpaka msaada ulipofika baharini walikuwa Bwana Daud wa Faza, kisiwani Pate, na watu wake. Jina lake lilistahili kujulikana na kila mtoto wa shule anayepelekwa pale.

"Kuna njia ya chini kwa chini mpaka ng'ambo"

Hakuna. Kuna Njia ya Matao, iliyochongwa kwenye mwamba kutoka uwanja wa ndani kwenda upande wa bahari, ili vyakula na silaha vishushwe kutoka mashuani bila kupitia lango kuu. Unaweza kuipita kwa miguu na kuona inapoishia.

"Ilikuwa gofu mpaka wageni wakaja kuitengeneza"

Haikuwa gofu, ilikuwa jela. Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 mpaka 1958, na ndani walijaza majengo ya wafungwa. Jela ilipoondolewa, fedha za taasisi ya Gulbenkian ya Ureno zilisaidia kazi ya kuisafisha, mwanaakiolojia James Kirkman akachimbua vilivyofukiwa, pamoja na misingi ya kanisa, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika kuwa Urithi wa Dunia. Kwa hiyo ufufuo wenyewe ulikuwa zaidi kazi ya kuondoa kuliko ya kuongeza: kubomoa vya jela, kufukua, kuacha ukuta wa kale uonekane. Ningependa wenye nyumba wa Mji wa Kale walitafakari hilo. Mara nyingi huduma ya kwanza ninayoitoa kwa ukuta ni kuuvua, kutoa saruji, kutoa vigae vya bafuni vilivyobandikwa barazani, kutoa rangi ya plastiki, kisha kuuacha msimu mzima ukauke kabla ya kuupiga chochote. Wateja huona kama sifanyi kazi. Ukuta unafanya kazi.

"Imekaa juu ya mwamba, bahari haiwezi kitu"

Mwamba wenyewe ni matumbawe ya kale, na mawimbi yanauchimba kwa chini. Ndiyo maana ukuta wa kuzuia mawimbi umejengwa upande wa bahari wa ngome. Uliza Kilwa Kisiwani, pwani ya Tanzania, ambako bahari ilikula sehemu ya Gereza, ngome yao ya ufukweni. Magofu ya kisiwa kile yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa 2014, baada ya kuta kukarabatiwa na ufukwe kulindwa, na sehemu ya ulinzi huo ni mikoko iliyopandwa na wanakijiji wenyewe. Pwani iliyokatwa mikoko yake kwa ajili ya kuni haiwezi kulinda nyumba iliyo nyuma yake.

"Ikishatengenezwa vizuri, imekwisha"

Jengo la chokaa ni la kuangaliwa kila mwaka. Wazee walikuwa wakipaka chokaa kuta zao kila mwaka, wengine kabla ya Ramadhani, na si kwa ajili ya weupe tu: kila mpako ni tabaka jipya linaloziba nyufa ambazo jicho halioni.

Ukiwa na fedha kidogo, usizitie kwenye lipu. Anza juu. Kabla ya masika panda darini, toa majani kwenye mifereji ya paa, tazama kama bomba la kushushia maji limeng'oka na linamwaga ukutani. Ng'oa miche ya mitini inayoota kwenye nyufa ingali na majani mawili matatu. Mzizi ukishanenepa usiuvute, utatoka na mawe, ukate kisha uue kisiki polepole. Halafu shuka chini, uone kama barabara au sakafu mpya ya saruji imeinuliwa mpaka maji yanaelekea kwenye msingi wako. Nusu ya kuta zenye unyevu ninazoitwa kuzitazama zingepona kwa bomba jipya na mfereji mdogo, na mimi nisingehitajika kuja na mwiko hata mara moja.