Mkojo wa alfajiri haungoji adhuhuri

Juzi mama mmoja alinikabidhi kopo la mkojo hapa maabara saa 7 mchana. Alilitoa kwenye mkoba, limefungwa vizuri ndani ya mfuko, likiwa bado na joto la humo mkobani. Nikamuuliza aliukinga saa ngapi. "Saa 12 asubuhi, mwanangu. Si mlisema mnataka wa asubuhi?"

Tulisema, ndiyo. Lakini hii imani kwamba kopo likishafungwa mkojo unabaki kama ulivyotoka, naisikia karibu kila siku, na inanichosha kwa sababu inaumiza watu. Mkojo ukipita kwenye ngozi hubeba bakteria wachache, hata wa mtu mwenye afya njema. Ndani ya kopo wanaendelea kuzaliana. E. coli, bakteria anayesababisha UTI nyingi (maambukizi ya njia ya mkojo), akipata joto linalomfaa huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja anakuwa zaidi ya 500 kwa saa 3. Sasa sisi tukiotesha bakteria wa mkojo huo tunahesabu makoloni, yaani vishada vya bakteria vinavyoota, na yakifika 100,000 kwa mililita tunashuku maambukizi. Mgonjwa anaanzishiwa antibayotiki kwa UTI iliyoota mkobani.

Kuna na kinyume chake. Bakteria hula sukari iliyomo, hivyo kipimo huonyesha kidogo kuliko ilivyokuwa. Huvunja yurea kuwa amonia, mkojo unakuwa wa alikali, kinyume cha asidi, na chembe za damu zinapasuka. Mimi nimeinamia hadubini natafuta kitu ambacho asubuhi kilikuwepo.

Kwa hiyo ulete ndani ya saa 1, isizidi 2. Ikishindikana, weka kopo kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, si kwenye barafu, na lifike maabara kabla ya saa 24. Halafu andika kwenye kopo saa uliyokinga. Hili nalisisitiza kwa kila mtu: andika saa! Yule mama nilimpa kopo jingine, akakinga upya pale pale.

Wengine huleta chupa ya nyumbani: "Chupa nimeichemsha mwenyewe." Nakuamini, ila mabaki ya sabuni au ya kilichokuwemo huvuruga majibu. Chukua kopo la maabara, usiguse ndani yake wala ndani ya kifuniko.

Wengine hunywa maji mengi ili mkojo utoke "safi". Unatoka mwepesi tu, na protini au homoni ya ujauzito tunayoitafuta inazimuliwa.

Si kweli pia kwamba mkojo wa mwanzo humwagwa kila mara. Kwa UTI, ndiyo, tunataka wa katikati. Kwa magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono tunataka ule wa kwanza kabisa kutoka, na uwe hujakojoa kwa angalau saa 1. Uliza kipimo chako ni kipi.

Kwa mkojo wa saa 24, wa asubuhi ya kwanza mwaga chooni na uandike saa. Kuanzia hapo kusanya wote, pamoja na wa kesho yake saa ile ile.

Na usiseme dozi moja ya antibayotiki haidhuru. Inaweza kuzuia bakteria wasiote kabisa, tukakujibu huna kitu. Kinga mkojo kabla ya kumeza dawa. Kama umeshameza, andika jina la dawa na siku uliyoanza, pembeni mwa ile saa.