Nani amechungulia ripoti yako ya CRB?

Nimekaa dawati la mikopo kwenye sacco hapa Kenya miaka mingi sasa na swali ninaloulizwa karibu kila wiki ni hili, eti bosi wangu ama mwenye nyumba anaweza ingia CRB, yaani zile kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, aone madeni yangu? Hivi hivi tu hawezi. Wanaoifungua ni wakopeshaji, yaani benki, sacco na zile apu zenye leseni ya Benki Kuu, tena wawe na sababu, mfano umeomba mkopo kwao. Mwajiri, landilodi, watu wa tenda, hao mpaka ukubali wewe mwenyewe. Shida wengi wanakubali bila kujua, mtu anapewa fomu ya kazi anasaini kurasa zote mbiombio.

CRB zenye leseni ziko 3, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kanuni za 2020 zinakupa ripoti moja bure kila mwaka. Watu wakiipata wanakimbilia kuona kama wamelistiwa, yaani wameandikwa kuwa hawajalipa deni, halafu wanafunga. Jamani, teremka chini hadi pale pameandikwa nani aliulizia ripoti yako na tarehe gani! Kuna mama aliniletea yake, tukakuta apu ambayo hajawahi kuisikia imeuliza mara tatu kwa mwezi mmoja, kumbe kuna kijana alimwahidi kumtoa CRB kwa shilingi 1,500, naye mama akamtumia picha ya kitambulisho mbele na nyuma pamoja na ile namba ya siri ya kuthibitisha iliyoingia kwa simu. Iliniuma sana, kwa sababu hakuna mtu wa kukutoa CRB. Unalipa deni, aliyekulisti anapeleka taarifa mpya, na hata hivyo rekodi ya kuchelewa inabaki miaka 5 tangu umalize kulipa.

Ukiona jina usilolijua andikia CRB yenyewe upinge, na huyo mkopeshaji pia, wakikunyamazia peleka kwa Kamishna wa Data, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iko upande wako. Kama uko Safaricom piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Apu ya mkopo ikitaka kusoma kontakti zako, futa.

Na ukibadilisha namba ya simu waambie unaowadai... samahani, wanaokudai, maana notisi ya siku 30 kabla hujalistiwa inaenda kwa ile namba ya zamani.