Je, wajua kwa nini matokeo ya urais humshangaza mpiga kura wa Goma aliyeziona kura zikihesabiwa?

Kila matokeo ya uchaguzi wa rais yanapotangazwa, swali moja huzunguka mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu asubuhi. Utalisikia Birere kwa wanaobadilisha fedha, utalisikia soko la Virunga kwa akina mama wanaopanga bidhaa zao, utalisikia Ndosho kwa vijana wa pikipiki wanaongoja abiria: “Sisi hapa hatukumpigia huyu. Basi kura zake zimetoka wapi?” Anayeuliza hivyo mara nyingi si mtu aliyesimuliwa. Alipanga mstari tangu alfajiri, akapiga kura yake, na pengine alirudi jioni kusikiliza majina yakisomwa. Kwa hiyo kumjibu haraka kwamba “zimeibwa tu” au kwamba “ninyi hamjui kushindwa” ni kumdharau. Swali lake lina jibu refu, na sehemu kubwa ya jibu hilo ni hesabu.

Tuanze na kile alichokiona kwa macho yake. Nchini Kongo vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na moja jioni, na masanduku hayapelekwi kwingine kwenda kuhesabiwa. Chumba kilekile cha darasa kilichotumika kupigia kura ndicho hugeuka mahali pa kuhesabia: karatasi huinuliwa moja baada ya nyingine, jina husomwa kwa sauti, na mashahidi wa vyama pamoja na waangalizi hutazama kila hatua. Mwishoni hujazwa hati ambayo Goma kila mtu huiita PV (procès-verbal, yaani kumbukumbu rasmi ya kazi ya kituo), pamoja na karatasi ya matokeo. Mashahidi hutia sahihi na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa nje ya kituo ili kila apitaye aisome. Ndiyo maana mkazi wa Katoyi au Himbi anaweza kulala usiku wa uchaguzi akijua, bila kuambiwa na redio yoyote, nani ameongoza katika kituo chake. Huo ni ujuzi wa kweli, na nadhani ni sehemu bora kuliko zote za uchaguzi wetu, kwa sababu hapo raia hana haja ya kumwamini mtu mwingine.

Lakini karatasi ile mlangoni ni moja kati ya takriban 75,000. Katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba Félix Tshisekedi alipata kura 7,051,013 na Martin Fayulu kura 6,366,732. Tofauti kati yao ni kura 684,281. Ukizigawa kura hizo kwa vituo vyote vya nchi utapata wastani wa kura 9 tu kwa kila kituo. Mtu akisimama mbele ya karatasi ya kituo chake, hata kama anaijua kwa moyo, hana namna ya kuona kura 9 za wastani zinazoamua nchi nzima. Kituo chake kinaweza kumpa mgombea wake kura mia mbili zaidi ya mpinzani, na bado mgombea huyo akashindwa kihalali kwa kura za watu wa Mbuji-Mayi, Kikwit au Gemena ambao hatawaona kamwe.

Historia ya Goma yenyewe inalionyesha jambo hili vizuri kuliko hesabu yoyote. Katika duru ya pili ya uchaguzi wa 2006, iliyofanyika tarehe 29 Oktoba, Joseph Kabila alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, ilhali Jean-Pierre Bemba alipata zaidi ya asilimia 90 katika Équateur na kuongoza kwa mbali mjini Kinshasa. Nchi nzima ilipojumlishwa, Kabila alikuwa na asilimia 58.05 na Bemba asilimia 41.95. Safari ile ni mtu wa Kinshasa aliyesema, “Sisi hapa hatukumpigia huyu,” na alikuwa anasema kweli kuhusu mtaa wake, kama vile mtu wa Goma aliyefurahi alivyokuwa anasema kweli kuhusu mtaa wake. Wazee wanaoikumbuka siku ile wangefaa kuwasimulia vijana, maana wengi wanaoshangaa leo walikuwa watoto wakati mji wao ulikuwa upande wa walioshinda.

Jambo la pili ambalo watu wengi hulisahau ni kwamba duru ya pili yenyewe haipo tena. Katiba ilirekebishwa mwezi Januari 2011, na tangu hapo rais huchaguliwa kwa duru moja: anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata kama hakufikia nusu. Ndivyo Kabila alivyotangazwa mshindi mwaka 2011 kwa asilimia 48.95, na ndivyo Tshisekedi alivyotangazwa mshindi mwezi Januari 2019 kwa asilimia 38.57. Kwa tarakimu za CENI yenyewe, zaidi ya watu 6 katika kila 10 waliopiga kura mwaka 2018 walimchagua mtu mwingine. Tena karibu nusu tu ya walioandikishwa ndio waliofika vituoni. Ukiwachukua wote walioandikishwa nchini, waliokuwa zaidi ya milioni 40, utakuta hata 2 katika kila 10 hawakutimia waliomchagua mshindi. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulitoa mshindi mwenye asilimia zaidi ya 73, ila waliopiga kura walikuwa kama asilimia 43 ya walioandikishwa, hivyo waliomchagua walikuwa kama 3 katika kila 10. Basi mtu akiwauliza majirani zake kumi na asimpate hata mmoja aliyempigia mshindi, hilo peke yake si ajabu.

Hadi hapa hesabu inamsihi mpiga kura wa Goma asiutegemee mtaa wake kupita kiasi. Ila nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, kwa sababu shaka yake ina sababu nyingine ambazo hesabu haiziondoi.

Mwishoni mwa Desemba 2018, siku chache tu kabla ya kura, CENI iliahirisha uchaguzi hadi Machi 2019 katika miji ya Beni na Butembo na teritwari ya Beni, hapa katika mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini, kwa kutaja Ebola na ukosefu wa usalama, na pia Yumbi upande wa magharibi. Wapiga kura walioachwa nje walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, wao wakiwa hawajapiga kura. Msomaji arudie tena ile tofauti ya kura 684,281 na ailinganishe na idadi hiyo. Goma ni mji wenye familia nyingi zenye asili ya Butembo na Beni, watu wenye maduka na magari ya mizigo kwenye barabara hiyo ya kaskazini, na kwao habari hii haikuwa ya takwimu bali ya ndugu wa damu. Mtu akiambiwa akubali matokeo ya uchaguzi ambao shangazi yake na kaka zake hawakuruhusiwa kuufikia, ugumu wake unaeleweka.

Kisha kuna namna matokeo yenyewe yalivyofika. Tangu tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima, na matangazo ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, yakazimwa. Goma iko mpakani, na waliokuwa na laini za simu za Rwanda waliweza kushika mtandao wa ng'ambo, lakini wengi walibaki na redio na uvumi. Tangazo lilisomwa Kinshasa kama saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari, ambayo kwa saa ya Goma ni saa kumi alfajiri, kwa kuwa mashariki tunatangulia kwa saa moja. Neno lililosubiriwa siku kumi na moja lilikuja watu wakiwa wamelala.

Wiki moja kabla, tarehe 3 Januari, Baraza la Maaskofu Katoliki, CENCO, lililokuwa limetuma waangalizi wapatao 40,000, lilikuwa limetangaza kwamba PV walizoziona waangalizi wake zinaonyesha wazi mgombea mmoja ameshinda, bila kumtaja jina. Baada ya tangazo la tarehe 10 baraza hilo likasema kwamba matokeo ya CENI hayalingani na yale waliyoyakusanya. Tarehe 15 Januari vyombo vya habari vya nje vikachapisha takwimu zilizovuja ambazo zilimpa Fayulu karibu asilimia 60. Fayulu alikuwa ameshapeleka shauri Mahakama ya Katiba tarehe 12 Januari, akiomba kura zihesabiwe upya; usiku wa kuamkia tarehe 20 Mahakama ikasema hakuleta ushahidi wa kutosha na ikamthibitisha Tshisekedi.

Katika mvutano huo wote, kitu ambacho kingemjibu mkazi wa Katoyi hakikuwekwa mezani. CENI haikuchapisha matokeo ya kituo kimoja kimoja. Ilitoa jumla. Naye yule aliyenakili tarakimu za mlangoni kwenye daftari lake hakupata mahali pa kutafuta jina la kituo chake na kuona kama tarakimu zilezile ndizo zilizofika Kinshasa. Hapa ndipo ninapoona kiini cha swali letu. Karatasi ya mlangoni humpa raia uhakika kamili juu ya sehemu ndogo sana, na jumla ya taifa humpa sehemu yote bila uhakika wowote wa kwake mwenyewe; kama hakuna daraja kati ya viwili hivyo, atajaza pengo kwa kile alichonacho, yaani mtaa wake, kanisa lake, kabila lake au redio anayoiamini. Zile tarakimu za kituo kimoja kimoja ndizo daraja lenyewe, na madai ya makanisa na vyama vya kiraia kwamba zichapishwe yalikuwa madai ya haki.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba Goma yote ilishika tama asubuhi ile ya Januari. Matokeo yalikuwa na sura mbili. Emmanuel Ramazani Shadary, mgombea wa upande wa Rais Kabila aliyekuwa anaondoka, alitangazwa wa tatu kwa asilimia kama 24, na kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1960 rais wa nchi alimkabidhi mwenzake madaraka kwa amani baada ya uchaguzi. Mtu mmoja aliweza kufurahi kwamba zamu imebadilika na papo hapo kuumia kwamba kura yake hajui ilikokwenda. Ukimsikiliza kwa haraka utadhani anajipinga, kumbe ana mambo mawili moyoni na yote mawili ni ya kweli.

Mwaka 2023 pengo lilijitokeza kwa namna nyingine. CENI ilitoa matokeo kwa awamu kutoka kituo chake cha Kinshasa kiitwacho Bosolo, neno ambalo kwa Kilingala lina maana ya ukweli, na ilianza na Wakongo waliopiga kura katika nchi tano za nje: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Wakati huohuo Masisi na Rutshuru, teritwari zilizo karibu na Goma, hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Watu wa huko walikuwa kwa maelfu katika kambi za Bulengo, Rusayo na Kanyaruchinya, kando ya mji. Mama aliyekimbia Rutshuru akikaa chini ya hema la plastiki juu ya mawe ya volkano alisikia kura za Brussels na Paris zikisomwa, akijua kwamba ya kwake haipo katika jumla yoyote itakayofuata.

Corneille Nangaa, mwenyekiti wa CENI aliyesoma tarakimu za usiku ule wa 2019, alianzisha Nairobi mwezi Desemba 2023 muungano wa AFC unaoshirikiana na waasi wa M23, na mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikawa mikononi mwao. Kwa mtu aliyepiga kura hapa, jambo hilo limelirudisha swali la kura za 2018 nyumbani kwake, hata kama alikuwa amechoka kuliuliza.

Nikimfikiria mpiga kura wa mkoa huu na kile anachokidai hasa, narudi Beni, tarehe 30 Desemba 2018. Siku hiyo, katika mji ambao kunawa mikono kwa maji ya klorini kwenye kila mlango kulikuwa desturi kwa ajili ya Ebola, wakazi waliokatazwa kupiga kura walijitengenezea vituo na masanduku yao wenyewe, wakapanga mstari na kupiga kura, wakijua kwamba hakuna afisa wa tume atakayezijumlisha.